Msafara wa Kumrudisha Mulki

Siku ile pikipiki za mitaa ya Galbet na Waberi hapa Garissa zilipowashwa kwa pamoja, mbuzi walikimbia wenyewe hadi soko la mifugo, na wazee waliokuwa wakinywa chai wakashika vikombe kwa mikono miwili. Sikuhadithiwa, nilikuwepo. Na kama si huu mgongo, mimi ndiye ningeshika bendera ya mbele, maana pikipiki nilianza kuendesha wakati hawa vijana wa leo bado wanapakatwa. Lakini habari hii si yangu, ni ya Korane.

Korane ni mwanaume wa miaka arobaini na kitu, mwembamba kama nguzo ya stima, ndevu zake nyekundu kwa hina. Zamani alikuwa na ngamia. Ukame ulipowamaliza, aliuza wawili waliobaki, wamekonda mpaka unawahesabu mbavu, akanunua pikipiki, akawa mtu wa bodaboda hapo steji ya Galbet. Ngamia alimjua kwa jina lake, la mama yake na la nyanya yake. Pikipiki aliijua upande wa honi tu. Alizifunga honi tatu.

Mtu huyu ana ugonjwa mmoja: hawezi kufanya jambo bila watu kumtazama. Hata kupiga mswaki anatoka nje ya lango.

Ugonjwa huo ndio uliomtoa mkewe nyumbani. Mulki alikuwa muuza maziwa sokoni, mwanamke wa maneno machache. Siku moja alimpigia mumewe simu, na Korane, amezungukwa na wenzake wote wa steji, akaweka sauti ya nje. "Nyamazeni," akawaambia, "msikie mwanamke wa adabu anavyoongea na mumewe."

Simu ikasema: "Korane! Mtoto anaharisha tangu asubuhi, na wewe umekaa hapo unatafuna miraa na wavivu wenzako?"

Steji nzima ilianguka kwa kicheko. Mmoja alilala kabisa juu ya tangi. Korane akaona macho yote yako kwake, akatafuta jibu la kuwanyamazisha, akapata lile baya kuliko yote. "Mulki, nimekuacha. Talaka moja." Kweli, walinyamaza. Jioni alipofika nyumbani alikuta jiko limezimwa na mlango umerudishwa tu. Mulki alikuwa amembeba binti yao Hamdi, amepanda lori, amekwenda kwa kaka yake mjini Habaswein.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa nyinyi vijana mnaooa kwa haraka. Talaka moja haimalizi ndoa. Mwanamke anakaa eda, na mume akijuta kabla eda haijaisha, anamrejea kwa neno lake mwenyewe. Anasema tu, "nimemrejea mke wangu", watu wawili wakasikia, basi. Hakuna nikaha mpya, hakuna kuomba mtu. Lakini eda ikiisha, neno lake ni upepo. Atakuwa mwanaume kama yeyote wa barabarani, aje aombe, na mwanamke akitaka atakataa.

Korane alijuta usiku uleule. Abdimalik, rafiki yake wa steji, akamwambia, "Warya, sema sasa hivi. Mimi na huyu mwenzetu tumesikia, halafu tumpigie simu tumwambie. Kazi imekwisha."

"Kwa simu?" Korane alichukia. "Mke wangu ni tokeni za stima, nimpate kwa simu? Nitamwendea. Nitamwendea na watu, Habaswein yote ijue kwamba Korane amekuja."

"Na eda?"

"Eda ni miezi mitatu. Nimesoma duksi mimi, usinifundishe."

Ndiyo, duksi, chuo chetu cha Kurani, alisoma. Lakini huko duksini kwetu mtoto anaanzia sura fupi za mwisho, anarudi nyuma pole pole mpaka aifikie ile ndefu, na Korane alichapwa siku moja akatoroka akaenda kuchunga ngamia, safari haijafika hata nusu. Alichobeba kutoka huko ni miezi mitatu. Kilichokuwa mbele zaidi hakukijua, na hakujua kwamba hakijui. Akawa anaangalia mwezi unaandama na kupotea, moyo umetulia.

Ndipo ukaja msafara. Shirika fulani lilitaka vijana wa bodaboda wa Garissa waende Habaswein kwa ziara ya amani, kwa sababu wa huku na wa kule waligombana juu ya abiria na mawe yakaruka. Shirika likatoa mafuta na fulana nyeupe zenye maandishi AMANI BARABARANI, zote za saizi ya mtu mnene, kwa hiyo vijana walionekana kama wamevaa mashuka. Korane alipoambiwa ni Habaswein, na kwamba watakuwa pikipiki zaidi ya mia, aliinua mikono kumshukuru Mungu. Huo ndio ujio aliokuwa akiungoja.

Tatizo ni moja. Mwezi wa tatu ulikuwa unaisha siku ileile ya safari. Kwa hesabu yake, mwezi mpya ukionekana magharibi, Mulki si mkewe tena. "Tutafika alasiri," akasema. "Nafasi tele." Akaosha pikipiki, akafunga kiti kipya chenye mashada ya rangi pembeni, na kila aliyetaka kupanda nyuma alimfukuza: "Shuka! Kiti kina mwenyewe."

Walipaswa kuondoka baada ya alfajiri. Waliondoka jua limeshapanda, kwa sababu kwanza kulikuwa na hotuba, halafu kupiga picha, halafu aliyepiga picha akasema hazikutoka. Na msafara una sheria zake: hakuna kumpita mwenye bendera, na hakuna kumwacha aliyeharibikiwa. Mmoja akipata pancha, wote wanasimama. Ni sheria nzuri ya ndugu. Kwa mtu anayekimbizana na mwezi ni kamba ya shingo.

Kwenye kizuizi cha kwanza cha polisi afisa aliwashusha wote na kutaka vipande vya utambulisho. Kijana mwenye bendera, Mowlid, ambaye Kiswahili chake kinatoka kwa shida, akaeleza, "Afande, sisi tunabeleka amani Habaswein."

"Mnambeleka?" Afisa akashangaa. "Huyu Amani ni mtoto wa nani mpaka abelekwe mgongoni na watu wote hawa?"

Askari wakacheka, vijana wakacheka, Mowlid akacheka bila kujua kwa nini. Korane peke yake aliangalia jua. Vipande vilikaguliwa kimoja kimoja, mbele na nyuma, nao waliozaliwa hapo Garissa wakaulizwa wamezaliwa wapi.

Baada ya hapo vumbi. Nyinyi mnaoona msafara kwenye simu mnaona bendera na honi. Aliye ndani yake haoni kitu ila taa nyekundu ya mwenzake ndani ya unga. Pancha ya kwanza, wakasimama. Mnyororo ukakatika, wakasimama. Mjini Modogashe wakala wali na nyama ya mbuzi, kwa sababu wenyeji walishapika na kukataa ni matusi. Korane hakumeza hata tonge tatu.

Mbele ya Modogashe pancha nyingine. Vijana wakalala chini ya migunga, fulana nyeupe zimekuwa za rangi ya barabara. Korane alizunguka pikipiki yake akiangalia simu. Mtandao hakuna. Abdimalik akamfuata.

"Korane, acha ujinga. Sema hapa. Tazama mashahidi ulio nao, hata sultani hajawahi kupata hawa."

Vijana wakainua vichwa. "Sema, adeer, ami yetu! Sisi tunasikia!"

Korane alifungua mdomo. Abdimalik anasema aliliona neno lenyewe limefika kwenye meno. Lakini mmoja huko nyuma akapiga honi ya utani, wengine wakacheka, na Korane akafunga mdomo. "Siwezi kumrejea mke wangu porini kama mtu anayeokota kuni," akasema. "Nitasema mbele yake."

Akapanda pikipiki, akakaa tayari kabla hata tairi halijarudishwa.

Waliingia Habaswein jua likiwa bado na upana wa kidole juu ya miti. Mwezi hakuna. Korane aliangalia magharibi mara mbili, akacheka peke yake, akapiga honi zote tatu. Aliwaomba wenzake wampitishe kwanza kwa shemeji yake, dakika moja tu, halafu waende kwenye amani yao. Nani angekataa? Msafara mzima ukageuka kuingia mtaani, kuku wakapanda paa, watoto wakamiminika, na pikipiki zikajaa mbele ya ua wa Abdijabar, kaka yake Mulki, mpaka barabarani.

Abdijabar alitoka na rungu mkononi. Msimlaumu. Watu wa bodaboda wakija wengi hivyo kwenye lango la mtu, kwa kawaida hawajaja kunywa chai.

"Assalamu alaykum, shemeji," Korane akasema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa msafara. "Nimekuja. Jueni nyote, na mshuhudie: nimemrejea mke wangu Mulki!"

Honi zililia. Vijana walipiga kelele, mmoja akawasha na kuzima taa. Abdijabar akashusha rungu, akasema taratibu, "Ingia ndani."

Mulki aliketi upande wa pili wa chumba, shungi limeshuka hadi kwenye mikono, Hamdi amelala juu ya mapaja yake. Korane akataka kusogea. Abdijabar akaketi katikati.

"Umemrejea nani?" Mulki akauliza.

"Wewe. Jua halijazama. Mwezi haujaonekana. Nimefika ndani ya miezi yangu mitatu."

"Miezi mitatu umeitoa wapi?"

"Duksini."

Nyuma ya pazia wanawake waliguna. Mulki hakucheka. "Miezi mitatu ni eda ya mwanamke aliyekoma hedhi," akasema. "Anayeona siku zake anahesabu tohara tatu, zile siku safi kati ya hedhi na hedhi. Mimi nimekoma, Korane? Umenihesabia eda ya bibi kizee." Akamrekebisha mtoto kichwa. "Yangu iliisha zamani. Nilikaa na simu karibu nami eda nzima. Kila ikilia nilifikiri ni wewe."

Korane akamgeukia shemeji. Abdijabar akatikisa kichwa. Kwamba kaka yake Mulki ndiye anayefundisha duksi ya mtaa ule, hilo Korane alilijua siku zote. Hakukumbuka tu kumuuliza.

Nje walianza kuimba. Sauti ya Mowlid ilikuwa juu ya zote.

"Basi nikuoe upya," Korane akasema, na hapo sauti yake ilishuka mpaka Abdijabar akainama kuisikia. "Tufunge nikaha leo. Sheikh yupo hapa."

"Sitaki."

"Mulki."

"Uliniacha mbele ya watu. Umekuja kunichukua mbele ya watu. Ni lini uliwahi kuniambia neno tukiwa wawili tu?"

"Nitakuambia sasa. Abdijabar, tupishe kidogo."

Abdijabar hakuinuka. "Siwezi," akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Si mkeo. Huruhusiwi kukaa naye peke yako."

Korane alielewa hapo. Hata lile neno la wawili, alilolichelewesha miaka yote, sasa lilikuwa haramu kwake. Alikaa akiangalia mtoto aliyelala. Mulki akammiminia chai, kwa sababu mgeni ni mgeni, akaipitisha mkononi mwa kaka yake. Korane akainywa yote, moto hivyohivyo. Hamdi hakuamka.

Alipotoka, vijana walisimama juu ya pikipiki zao. "Bibi yuko wapi, adeer?"

Yeye alipanga uso, akapandisha mabega. "Anafunga mizigo. Hawezi kupanda pikipiki na mtoto na hili vumbi. Anakuja na basi."

Wakapiga honi tena kwa furaha, wakaenda kwenye amani yao, na usiku mwezi ukaonekana, mwembamba kama kucha. Kesho yake walirudi Garissa. Korane aliomba akae wa mwisho kabisa, anapokula vumbi la wote, na Abdimalik, aliyejua kwa kumtazama tu, akakaa karibu naye njia nzima bila kumsemesha.

Wiki ya kwanza walimuuliza kwa wema. Ya pili kwa utani. Leyla muuza chai wa steji alisema, "Basi gani hilo, Korane, linasukumwa kwa mkono?" Akajibu barabara imeharibika na mvua. Mvua gani, hakuna aliyeiona. Kisha wakaja vijana wa Habaswein kwa ziara yao ya kurudisha, na mmoja wao akaropoka kwamba Mulki ameposwa na mwenye duka la vyakula, mtu mpole, mwenye mguu mbovu. Steji nzima ilisikia. Korane pia alisikia, alikuwa anasugua kioo cha taa.

Tangu hapo hakuna anayemuuliza tena. Wanamwachia abiria wa kwanza wa asubuhi, kama anavyoachiwa mtu aliyefiwa, naye anamchukua bila kushukuru. Jioni magari ya Wajir, yanayopitia Habaswein, yanapoingia mjini anasimamisha pikipiki upande wa pili wa barabara, anaangalia watu wanavyoshuka mpaka kondakta afunge mlango. Halafu anarudi stejini, na kabla mtu hajafungua mdomo anasema mwenyewe, kwa sauti kubwa, "Limechelewa tena."

Leyla anampa chai. Wengine wanaangalia simu zao.