Tope la Ndiva na Kona ya Suji

Barabara ya kushuka kutoka Suji hadi Makanya naijua kuliko dereva yeyote wa wilaya hii. Sijisifu, ulizeni stendi ya Same. Shule niliacha darasa la tano. Malori yangu mawili na duka la bati na saruji nimevipata kwa kuzishuka kona zile na mzigo wa ndizi na maharage, mvua inanyesha, wenzangu wameegesha wanakunywa chai.

Basi siku moja, mchana kweupe, kwenye kona ninayoweza kuikata huku napiga mluzi, mikono ilikufa ganzi. Pumzi ikakata. Moyo ukadunda mpaka nikausikia masikioni. Nikaegesha, nikashuka, nikashika tairi la mbele nikingoja kufa. Sikufa. Utingo wangu, mtu mzima mwenye leseni yake, ndiye aliyelifikisha gari chini. Mimi nimekaa kushoto kama gunia.

Tangu hapo usukani sikuugusa. Watu niliwaambia duka limenibana. Kimyakimya nikaanza kutafuta mteja wa malori, maana lori unaloliogopa la nini? Lakini kila nikifikiria kuyauza naona kama najiuza mwenyewe. Bila ile barabara mimi ni nani? Muuza bati tu, kama wengine.

Hospitalini walinipima moyo, daktari akasema mzima. Nikamwuliza kama na mashine yake ni nzima.

"Hii ni hofu, mzee wangu," akasema. "Kuna mshauri wa mambo ya akili, anakutana na wanaume kule Suji."

"Mimi sijawa chizi."

"Nani kasema chizi? Nenda tu. Na uvae mabuti."

Nilipanda kwa bodaboda, macho nimefumba, mpaka dereva akalalamika: "Mzee, mbavu zangu hizo!"

Nilitegemea ofisi. Nikaelekezwa kwenye ndiva, bwawa ambalo mababu zetu walilichimba ili mifereji isikauke. Tope lilikuwa limejaa, na wanaume walikuwa kwenye msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, wakilizoa. Katikati yao, tope magotini, mama mmoja mfupi, kanga juu ya suruali. Ndiye mshauri. Wanasema ana digrii. Siku ile alikuwa na sepetu.

"Karibu, kaka. Mabuti mapya hayo, umeyanunua kwa ajili yangu?"

"Nayauza mwenyewe dukani. Yako hayayafikii."

"Basi yalete humu yachafuke."

Baadaye aliniambia kwamba mwanaume wa Kipare ukimkalisha kwenye kiti ukamwuliza anajisikiaje, atakueleza habari za mbuzi wake. Mpe karai, macho yake yawe kwenye tope, utamsikia. Kwa hiyo tulijipanga mstari kutoka bwawani hadi juu ya ukingo, makarai yakipita mkono kwa mkono. Aliyefika mwisho wa mstari alimwaga tope na kusema jambo moja linalomsumbua. Hakuna kumjibu, hakuna kumpa pole. Anarudi chini, mwingine anasogea.

Jamaa mmoja mwenye shingo nene, ambaye stendi ningempisha, akamwaga akasema: "Simu ikiita tu, tumbo linanikata." Akarudi chini. Akafuata mzee wa kanisa, yule aliyekuwa akitutisha utotoni kwa kukohoa tu. Akamwaga taratibu. "Tangu mke wangu afariki, jioni naogopa kuingia nyumbani. Nazunguka shambani mpaka giza."

Nikasahau nina karai mkononi. Nimezunguka nchi hii, nimeona mengi, lakini wanaume wazima wakifunguka vile, jua linawaka, na milima haijaanguka, hilo sikuwahi kuliona.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimepanga kutaja ushindani wa biashara. Nikamwaga, nikausikia mdomo wangu: "Naogopa kona."

Karai likaendelea.

Kwenye chai ndipo waliponishukia. "Hii kona ya hapa chini? Si wewe uliyekuwa unaipita unapiga honi kama waziri?" akauliza mwenye shingo nene.

"Ndimi."

"Kumbe ulikuwa unaomba msaada!"

Tulicheka mpaka mzee wa kanisa akamwaga chai.

Nikawa nakwenda kila wiki, hata tope lilipokwisha tukahamia kwenye mifereji. Siku moja lori langu lilikuwa pale linapakia maharage. Yule mama akapanda upande wa kushoto na kipande cha muwa, akafunga mlango.

"Utingo akae nyuma. Mimi nashuka Makanya. Nipeleke."

Kabla ya kona ile, hofu ikaja. "Imekuja," nikasema.

"Inafanya nini?"

"Mikono ganzi. Kifua kinabana."

"Toa pumzi polepole, kama unapoza chai. Haya, niambie tena."

"Nitakufa, dada."

"Hujafa. Gia ya pili hiyo umeingiza vizuri. Hofu usiishushe njiani, ipe lifti mpaka Makanya."

Akaendelea kutafuna muwa wake, wallahi, kama tuko harusini. Nikakunja usukani. Na katikati ya kona, hofu niliyoikimbia miezi yote ile ilishuka yenyewe, kifuani, tumboni, miguuni, kama maji ya ndiva mfereji ukifunguliwa. Niliihisi ikiondoka. Vidole vikarudi. Bonde lote la Pangani likafunguka mbele ya kioo, na mimi niliyepita hapo maisha yangu yote nikaliona kama mgeni.

Makanya, kwenye lami, mama alishuka. Mimi sikuweza kushuka haraka. Nilikaa nimeshika usukani, nautazama mlima niliotoka.

Malori sikuyauza. Kwenye kona ile bado napiga honi, kwa nguvu zote. Juzi wenzangu walikuwa ndivani wakanisikia. Mtu mmoja akagonga karai kwa sepetu, akaendelea kugonga mpaka nilipomaliza kupita.