Jino la Kiongozi Lina Uhai

Wiki iliyopita, hospitalini Bukoba, nilikaa benchi moja na kiongozi mmoja aliyeshika shavu kama mtoto aliyezabwa kibao. Siku chache kabla nilimwona huko Nshamba, akiwaamuru watu wahamie kijiji cha ujamaa. Mjane mmoja alimpigia magoti: "Waitu, mheshimiwa, mume wangu amezikwa humu kibanjani, kwenye shamba letu. Migomba hii aliipanda yeye."

Kiongozi akatazama saa yake. "Mama, migomba ni migomba. Huko utapanda mingine. Utazoea."

Basi zamu yake ikafika, na mlango ukabaki wazi. Daktari wa meno akamwambia, "Limetoboka sana, ndugu, ila kiini bado kizima. Kukifunika kwa dawa na kuziba juu ni kazi ndefu. Kung'oa ni mara moja."

Lijitu zima likamng'ang'ania daktari mkono. "Usiling'oe, nakusihi! Nimekula nalo tangu utotoni. Kama kiini ki hai, kwa nini uling'oe?"

Daktari ana huruma; akachanganya dawa, akakifunika kiini. Ningekuwa mimi, ningechukua koleo na kutazama saa yangu. "Ndugu, jino ni jino. Utazoea pengo."