Waru za Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa na njia yake ya kujua kama waru zimekomaa, na hakunionyesha mpaka siku aliyotaka kuniaibisha nayo.

Mimi na mume wangu, mwanawe wa pekee, tulikuwa tukiishi kwake Shauri Moyo, katika nyumba ya kaunti aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nyuma ya nyumba, kati ya bafu na ukuta, palikuwa na kipande cha ardhi ambacho mtu mwingine angeegeshea mkokoteni. Yeye alipanda waru, vile viazi mviringo vya kwao. Alikulia kwenye baridi ya Nyandarua, na aliamini waru za sokoni ni za watu wasio na kwao. Mimi nilitoka upande wa Kakamega, jina alilolitaja kama watu wanavyotaja ugonjwa.

Mwaka ule nilioolewa niliharibikiwa na mimba. Mtoto alikuwa ameshaanza kucheza tumboni. Niliporudi kutoka hospitalini, nikiwa nimeshikilia ukuta, mama mkwe aliniuliza kama nimekumbuka kununua unga njiani. Hakuuliza lingine. Mume wangu alinishauri nizoee.

"Mathe ako hivyo tu," alisema, akaenda kutazama mpira.

Wakati huo waru zilikuwa zimestawi, majani mabichi yamefunika ardhi yote, maua meupe juu. Jumamosi moja asubuhi mama mkwe alitangaza kwamba akina mama wa kanisa wangekuja kwa maombi na kula mukimo, waru zilizopondwa pamoja na mahindi. Akanipa jembe, akasema nitoe waru zote. Nikamuuliza kama ziko tayari. Akanijibu kwamba kama nililelewa na watu wanaolima, basi nitajionea mwenyewe.

Nikajionea. Kwetu tunalima viazi vitamu, na kiazi kitamu hakifichi kitu: udongo hupasuka pale kilipovimba, unaingiza mkono, unachukua kilichojaa, na majani yanabaki mabichi vilevile. Mbele yangu matuta yalikuwa yamepasuka kila mahali. Nikalima huku nikijisifu. Zilitoka ndogo na laini, nyingi hazizidi gololi, nami nikajiambia labda ndiyo aina yao.

Alingoja wageni waketi na chai iwafikie. Kisha akatwaa waru moja kutoka kwenye karai, akaipitishia kidole gumba, na ganda lote likatoka. Akaeleza polepole, kama anayefundisha watoto wa Sunday school. Waru haitolewi ikiwa na maua. Unasubiri majani yageuke manjano, yalale, yakauke. Unakata mashina, unaiacha tena chini ya udongo mpaka ganda lishike. Ukiisugua na ganda lisitoke, hapo imekuwa. Yote hayo aliyajua asubuhi aliponipa jembe. Alikuwa tayari kuharibu shamba lake zima ili apate nafasi ya kusema alichosema.

"Huyu hajui kungoja kitu kikomae," aliwaambia. "Hata cha tumbo lake alikitoa mapema."

Mmoja wao alikohoa. Wengine wakaangalia chai yao. Mume wangu alikuwa mlangoni na alisikia kila neno. Nikazikusanya zile waru, nikazimenya kwa vidole kwa sababu hazikuhitaji kisu, nikazichemsha, nikawapakulia.

Watu huniuliza kwa nini sikuondoka. Sikuwa na pa kwenda, na tena nilitaka kumwona akizeeka. Baadaye nilizaa binti, tukampa jina la mama mkwe kama desturi yao inavyotaka, naye akampenda mno, jambo ambalo pia sijamsamehe. Mvulana wa kwanza angechukua jina la marehemu mumewe. Mvulana hakuja, na jina hilo halijapata mtu mpaka leo.

Mwaka jana alipatwa na kiharusi. Kilimchukua mkono wa kulia, kikamwachia ulimi. Siku hizi mimi ndiye ninayempandia, ninayemwogesha na ninayemlisha. Msimu huu aliniuliza kila asubuhi kama waru ziko tayari, nami nikamwambia bado, majani ndiyo kwanza yanaanza kugeuka. Ulikuwa ukweli mtupu. Hakuniamini, kwa kuwa anajua vizuri sababu niliyo nayo ya kumnyima. Akina mama wa kanisa walipokuja kumwombea, aliwaambia namlaza njaa na chakula kiko nyuma ya nyumba. Akaniagiza mbele yao nikazitoe.

"Zote?" nikamuuliza.

"Zote. Hii nyumba bado ni yangu."

Ningeweza kubisha. Nilichukua jembe nikatoka, na sitadanganya, nilifurahi. Nikazing'oa, nikaziosha, nikamwekea karai mapajani. Akaokota moja kwa mkono mzima, akaikandamiza kwenye ule mkono wa kulia, akaizungusha chini ya kidole gumba kisichosikia kitu.

"Zimekomaa," alisema.

Baadhi ya wale akina mama walikuwepo siku ile nyingine, na wote walikuwa wakikitazama kidole chake. Naye akakitazama. Ganda lilikuwa limeng'ang'ania pale kwenye gumba, na waru yenyewe ilikuwa uchi, imelowa maji. Niliwamiminia chai.

Walipoondoka nilichemsha zile waru, nikampondea zake ziwe laini, nikaketi kando ya kitanda na kijiko. Alifungua mdomo, akaufunga tena, akanitazama.

"Yule mtoto," alisema, "alikuwa kijana?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza. Ndiyo, alikuwa wa kiume. Muuguzi alinifunulia nikamwona, na vidole vyake vyote vilikuwepo. Mama mkwe alingoja, macho yamejaa machozi, na mimi nikajaza kijiko.

"Kula, mama," nikamwambia. "Zinapoa."