Shangazi Aliyekataa Kufa na Nyongo Yake

Tongoni nzima hapakuwa na karamu ya harusi iliyopikwa bila shangazi yangu Mwanamkasi, wala mwanamume aliyegusa sufuria zake akabaki na heshima. Ulimi wake ulikuwa pilipili. Basi mwaka wa hamsini na sita, maumivu ya chini ya mbavu za kulia yalipomkunja mbele ya pilau ya watu, walimwengu wakasema hasira zake zimemrudi. Walimwengu hawana haya.

Hospitali ya mjini walimpiga picha. Nesi Bibiana, Mbondei asiyezungusha maneno, akamweleza kwamba kifuko cha nyongo kimejaa mawe, afadhali kitolewe. Si kila mwenye mawe hupata saratani, ni wachache, lakini mawe yakikaa miaka na miaka yakikikera kifuko huweza kuizaa. Shangazi akauliza ugonjwa huo ukoje. Akatajiwa macho ya manjano na uvimbe chini ya mbavu. Ndivyo alivyokufa mama yake.

Kaka yake mkubwa, Uweso, alikataa katakata.

"Asiye na nyongo hana uchungu," alisema. "Utarudi zuzu, mwanao akipigwa utacheka. Na mwanamke hapasuliwi kama kuku. Subiri, kama mama alivyosubiri."

Hapo ndipo alipoharibu.

"Kuku ndio kazi yangu, kaka. Nyongo siiachi ndani ije kupasuka, nyama yote iwe shubiri. Mama mlimsifia subira mpaka mkamfukia. Mimi simo."

Asubuhi yake akapanda lori la nazi, mimi nikimsindikiza. Aliogopa, nisiseme uongo. Lakini alipoitwa aliingia bila kugeuka nyuma.

Alirudi na mshono tumboni na mawe yake ndani ya chupa ya dawa, akimwonyesha kila aliyekuja kumpa pole. Uweso hakuyatazama. Yeye alikuwa akingoja kuona upole.

Harusi ya kwanza shangazi alipopata nguvu ya kusimama jikoni, kaka mtu akaingia kwa madaha, akafunua sufuria, akapeleka vidole kwenye mnofu. Mwiko ukamshukia.

"Kwani wewe si umetolewa nyongo?" aliuliza, akipuliza vidole.

"Nimetolewa. Nyongo nimeiacha mjini, kaka. Mwiko nimerudi nao."