Siku Moja na Ndovu wa Buluu

Mama ndiye aliyenituma. Sikwenda Dubai kutembea, ingawa majirani zangu wa Rongai wanaamini hivyo hadi leo. Mdogo wangu Jerusha alikuwa amekaa huko miaka mitano bila kurudi nyumbani, na katika huo mwaka wa mwisho simu zake zilikuwa zimeanza kuwa fupi. Alipiga kila Jumapili, akauliza habari za ng'ombe na miguu ya mama, akasema yuko sawa, akakata. Tukimwomba awashe kamera, mtandao ulikuwa mbaya. Tukimwomba tena, alikuwa na haraka.

"Huyo mtoto anaficha kitu," mama aliniambia siku moja tukipukuchua mahindi. "Tabitha, nenda umwone na macho yako. Akiwa mgonjwa, rudi naye."

Mimi nauza nafaka sokoni Rongai, mahindi na maharagwe. Safari yangu ndefu zaidi kabla ya hapo ilikuwa ya kumpeleka baba kuzikwa Kakamega, kwao. Nilipomwambia Jerusha kwamba nakuja, kwanza aliuliza kwa nini. Kisha akasema sawa, bustani anakofanya kazi huwapa wafanyakazi tiketi ya jamaa kuingia bure mara moja kwa mwaka, basi ataniombea. Ni bustani ya michezo, mahali watu hulipa kuingia ili wapande mabembea marefu kama mnara na vigari vinavyokimbia juu ya reli hewani. Yeye, kwa tulivyojua sisi, alikuwa kwenye ofisi ya kupokea wageni.

Jumanne, kabla ya jua kutoka, binamu yetu Wafula alinipakia kwenye pikapu yake. Mama alikuwa amenifungia unga wa wimbi, kunde zilizokaushwa na njugu za kukaanga, vyote vikiwa ndani ya begi langu na nguo zangu juu yake kama kifuniko. Alinishika mkono dirishani. "Uangalie vizuri," akasema. Tulipita Lanet taa za barabarani zikiwa bado zinawaka, tukapata ukungu Gilgil, na tulipofika juu kule bonde linapoonekana lote chini, niligeuka nikaliangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayehama.

Ndani ya ndege nilifungiwa mkanda na mama mmoja wa Kisii aliyekuwa akienda kumwona mkwe wake. Tuliomba pamoja ndege ilipokuwa ikinyanyuka, yeye kwa lugha yake na mimi kwa yangu, na chakula kilipokuja alinionyesha jinsi ya kufungua kile kijisahani cha siagi.

Jioni hiyo, uwanja wa ndege wa Dubai, joto lilinipiga usoni kama nimefungua tanuri la mkate. Jerusha alikuwa amesimama karibu na nguzo. Nilimpita. Ni yeye aliyeniita.

"Dada Tabi! Sasa unanipita hivyo?"

Alikuwa amekonda, na nywele zake zilikuwa zimekatwa fupi kama za msichana wa bweni. Huyu ndiye Jerusha ambaye zamani hakukosa saluni Jumamosi hata moja, hata kama ilibidi aende hadi Nakuru mjini.

"Nywele zimeenda wapi?"

"Joto, dada. Huku nywele ni mzigo."

Tulikumbatiana, na nikausikia mgongo wake chini ya mikono yangu. Nilijiambia: mama alikuwa sawa.

Jumatano nzima nilikuwa mpelelezi. Jerusha aliishi chumba kimoja na wasichana wawili, mmoja wa Uganda na mwingine wa Ufilipino aliyeitwa Liza. Walikuwa wamekubaliana kuniachia kitanda cha karibu na kiyoyozi. Jerusha alipotoka kwenda dukani, nilifungua droo yake. Sijivunii hilo. Nilitafuta dawa, karatasi za hospitali, chochote. Nilikuta soksi nyingi, pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji na mafuta ya kuchua. Jioni aliporudi kutoka kazini aliweka miguu yake ndani ya beseni la maji, akasinzia akiwa ameketi. Nilimuuliza kama anaumwa.

"Niko sawa," akasema, bila kufungua macho.

Alhamisi saa nne asubuhi milango ya bustani ilifunguliwa. Jerusha alikuwa ametangulia na basi la wafanyakazi. Aliniagiza nitembee, nifurahi, tukutane langoni saa kumi akimaliza kazi. Kwa hivyo niliingia peke yangu, mama wa miaka arobaini na sita na mkoba wa njugu, nikiwa nimezungukwa na watoto wa kila rangi.

Lazima niwe mkweli, pale mahali ni pazuri. Kulikuwa na ziwa la kuchimbwa lenye maji ya kijani, na katikati flamingo wa plastiki wamepangwa mstari. Niliwacheka wale flamingo. Kulikuwa na nyumba iliyopinduliwa, paa chini na mlango juu. Barabara ilikuwa safi kiasi kwamba niliona haya kudondosha ganda la njugu. Na kila mfanyakazi niliyempita alinisalimia kama vile alikuwa akiningoja.

Nilipanda kigari kimoja tu. Niliketi kando ya nyanya wa Kihindi mwenye sari, mwembamba, ambaye wajukuu wake walikuwa wamemsukuma kwa nguvu. Kilipofika kilele na kuanza kuanguka, yeye alinishika mkono na mimi nikamshika, na nikamwita Yesu kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata kanisani. Tuliposhuka hakuniachilia mara moja. Tulisimama tukicheka, machozi yakitutoka, hatuna neno hata moja la pamoja. Nilimpa njugu.

Saa tano na nusu muziki ulianza na watu wakasogea kando ya barabara kuu. Gwaride la wanyama lilikuwa linakuja: sungura, simba mwenye miwani, na nyuma yao ndovu wa buluu, mkubwa, tumbo limejaa sponji, kofia nyekundu kichwani. Kando yake alitembea msichana mwenye mwavuli, kazi yake ikiwa kumwongoza, kwa sababu aliye ndani haoni vizuri. Nilimtambua yule msichana. Alikuwa Liza. Nilimpungia mkono, lakini hakuniona.

Nilikuwa nacheka peke yangu. Nimetoka karibu na vifaru na twiga wa kweli, nikavuka bahari kupiga picha na ndovu wa sponji. Nikatoa simu.

Hapo ndipo mtoto mmoja, msichana wa kama miaka mitatu, alipokimbia kumfuata ndovu, akajikwaa na kuanguka kifudifudi. Alilia ile sauti inayochelewa kwanza halafu inakuja yote. Mama yake alikuwa nyuma na mtoto mwingine mgongoni. Ndovu alisimama, akapiga magoti kwa shida na lile tumbo lake, akamwinua mtoto, akamfuta goti. Kisha akageuka akaanza kuichapa ile barabara. Akaichapa kwa kiganja chake kikubwa, pa, pa, akainyoshea kidole cha onyo, akaichapa tena.

Mtoto alinyamaza kwa mshangao. Halafu naye akaichapa barabara. Watu wakacheka na kupiga makofi.

Mimi sikucheka. Nilibaki nimeshika simu hewani. Hivyo ndivyo mama alivyotufanyia uani kwetu Rongai kila tulipoanguka. Aliichapa ardhi iliyotuangusha, akaigombeza, mpaka tukaionea huruma. Jerusha aliwafanyia watoto wangu wawili vivyo hivyo walipokuwa wadogo. Niliuangalia ule mguu wa buluu ukijinyanyua kutoka chini, polepole, na nikajua nani alikuwa ndani.

Baada ya gwaride watu walipanga foleni wapigwe picha na ndovu. Nilipanga. Mbele yangu kulikuwa na familia kama nane, na kwa kila familia ndovu alicheza kidogo, akashika mashavu yake, akajifanya anaona haya. Hakuchoka, au hakuonyesha. Zamu yangu ilipofika nilikumbatia lile tumbo, nikaweka mdomo karibu na kichwa cha sponji.

"Jerusha," nikasema. "Ni mimi. Usiseme kitu."

Ndovu aliganda. Kisha ule mkono mkubwa wa buluu ulitafuta mkono wangu, ukaubana. Liza aliniangalia, akanitambua, akaziba mdomo. Halafu akainua kitambaa cheupe kuwaonyesha watu kwamba ndovu anaenda kupumzika, na akaniashiria niwafuate.

Nyuma ya duka la peremende kulikuwa na mlango usio na maandishi na benchi la mbao kivulini. Nilikaa. Baada ya dakika chache Jerusha alitoka akiwa na fulana iliyolowa kama aliyeokolewa mtoni, taulo la barafu shingoni, uso umevimba, macho mekundu. Aliketi kando yangu na kunywa chupa nzima ya maji kabla ya kusema chochote.

"Umejuaje?"

"Umeichapa barabara."

Alicheka, na kicheko kikageuka. Nilimwacha alie. Nilimshikilia tu, maji ya jasho yakiingia kwenye nguo yangu ya kanisani.

Aliniambia yote hapo hapo. Alikuja kweli kwa kazi ya mapokezi, lakini walihitaji mtu wa kuongea Kiarabu, na chake kilikuwa cha salamu tu. Wangemrudisha nyumbani. Msimamizi mmoja akamuuliza kama anaweza kucheza. "Nikamwambia mimi nimecheza kwaya tangu nikiwa na miaka sita." Basi akaingia ndani ya ndovu. Huko ndani anakaa nusu saa, anatoka, anapumzika, anarudi, siku nzima.

"Mbona hukutuambia?"

"Ningesema nini, dada? Mama ameambia kanisa lote niko ofisini. Niseme mimi ni ndovu?" Alipangusa uso. "Na kamera, siku hizi jioni nakuwa hivi. Angeniona hivi angelala?"

Nilifikiria wanangu wawili waliosoma hadi chuo, na kwamba karatasi zao za kuhitimu zimetundikwa sebuleni kwetu, na kwamba nilikuwa namshukuru Jerusha kwa karo aliyotuma kila mwaka kwa maneno yale yale, kama mtu anayesoma kadi. Sikuwa nimewahi kumuuliza siku yake inaanza vipi.

"Unaichukia hii kazi?" nikamuuliza.

Alifikiri. "Joto nachukia. Miguu inaniuma hadi nataka kulia. Lakini wale watoto..." Akatikisa kichwa. "Kuna mmoja huja kila mwezi, haongei na mtu yeyote, mama yake aliniambia. Mimi huwa ananiongelesha. Sielewi hata neno moja, lakini ananiambia mambo mengi."

Liza alitokea mlangoni akaonyesha saa. Jerusha alisimama. "Dada, usimwambie mama. Nipe hadi Jumapili. Nitamwambia mwenyewe."

Nilimwahidi. Mchana wote sikupanda kitu kingine. Nilimfuata ndovu wa buluu kutoka barabara hadi barabara, nikinunua maji baridi na kumpa Liza ampelekee kila walipopumzika. Nilisimama nyuma ya umati nikapiga makofi kuliko watu wote. Saa kumi Jerusha alitoka langoni na nguo zake za kawaida, hakuna aliyemgeukia, nikamvua viatu hapo hapo kwenye benchi na kumchua miguu, watu wakipita. Alikataa, kisha akaacha kukataa.

Jumamosi nilirudi. Wafula alinipokea Nairobi, na tulipoanza kushuka bondeni nilifungua kioo ili nipate ile hewa ya baridi. Nilimshukuru Mungu kwa hewa. Ni jambo ambalo sikuwa nimewahi kulishukuria.

Mama alikuwa ameketi nje, kitambaa kipya kichwani. Hakuniruhusu hata kushusha begi.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama. Si mgonjwa, ila miguu inamuuma. Anafanya kazi ngumu na anaiweza. Ana kitu atakwambia kesho."

Aliniangalia machoni kwa muda, akatafuta uongo, hakuupata. "Haya," akasema. "Ingia unywe chai."

Jumapili baada ya ibada simu ililia, na kwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima kamera ilikuwa imewashwa. Jerusha alikuwa ameketi kitandani, uso umevimba, na kichwa cha ndovu alichoazima kazini kiko mapajani mwake. Alieleza kila kitu, haraka, bila kupumua. Mama aliisogeza simu karibu na macho, akakiangalia kile kichwa.

"Sasa," akasema mwishowe, "huko ndani unapumulia wapi?"

Jerusha alikigeuza kichwa, akaonyesha wavu mdogo mdomoni.

"Hako tu? Na maji wanakupa? Mara ngapi? Na ukitaka kwenda choo? Miguu je, Tabitha amesema kitu juu ya miguu."

"Mama, miguu ni mibaya," Jerusha akasema, na sauti yake ikavunjika.

"Niambie."

Akamwambia. Alianza na miguu, akaja mgongo, akaja yule simba mwenye miwani anayemkanyaga kila gwaride, akaja chakula cha kantini kisicho na chumvi. Kwa miaka mitano tulikuwa tumemuuliza kama yuko sawa, naye akatujibu yuko sawa, na sote tukaridhika. Safari ile ilinifunza kuuliza vizuri. Nilikaa kwenye kigoda kando ya mama, chai ikipoa mkononi, nikamsikiliza mdogo wangu akilalamika saa nzima, na sikuwahi kushukuru hivyo kwa maneno ya mtu yeyote.