Maziwa Yaliyotangazwa Siku za Msiba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, simu iliyo juu ya kabati inalia mara moja na kunyamaza. Révérien Nsengiyumva hanyanyuki. Amekaa mezani, kompyuta mpakato mbele yake, chai ya tangawizi imeanza kupoa. Anajua kilichoandikwa kwenye simu hiyo bila kuitazama.

“Mama Maziwa, gari imefika?”

Maneno hayo aliyaandika yeye mwenyewe miaka miwili iliyopita. Mashine huyatuma kila siku, saa hiyo hiyo, kwa mke wake Natacha. Natacha alifariki mwezi wa pili mwaka huu.

Simu yake haijazimwa. Kila baada ya siku mbili Révérien huiweka kwenye chaji, na kila mwezi huinunulia bando.

Nje kumeanza kupambazuka juu ya Batsinda, mtaa wa nyumba ndogo zinazofanana kaskazini mwa Kigali. Révérien, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, amepanga hapa chumba na sebule. Kwenye kamba ya nguo kuna mashati mawili tu, yote ya kwake.

Kazi yake ni kuyafanya matangazo ya wafanyabiashara wadogo yajitume yenyewe kwenye mitandao. Anatumia programu isiyomtaka ajue kuandika msimbo wa kompyuta. Kwenye skrini kuna visanduku, naye huviunganisha kwa mistari. Kisanduku cha kwanza kinamuuliza mwenye duka ana nini leo. Cha pili kinapokea jibu na kulipanga maneno. Cha tatu kinalibandika tangazo kwenye kurasa zake zote kwa mara moja.

Yeye huuita mpango huo mfereji.

“Ni kama mfereji wa shamba,” anasema. “Ukishauchimba, maji yanajiendea. Wewe unaangalia tu kama hapajaziba.”

Ana wateja kumi na mmoja, wakiwemo muuza viatu, fundi cherehani na saluni mbili. Kila mmoja humlipa faranga elfu ishirini na tano kwa mwezi.

“Kwa mtu mmoja inatosha,” anasema. “Shida yangu ni mchele. Bado nakosea kipimo, napika wa watu wawili.”

Révérien alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaozungumza Kiswahili, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wakimbizi. Alifika Kigali akiwa na miaka kumi na mitatu. Natacha naye alikulia kule kule, mitaa miwili kutoka kwao, ingawa walifahamiana huku, kwenye kwaya ya parokia.

“Kinyarwanda chetu kilikuwa na lafudhi ya Bujumbura, watu wakatucheka,” anakumbuka. “Tukifika nyumbani tunafunga mlango, tunaongea Kiswahili. Sasa kuna siku inafika jioni sijasema neno la Kiswahili. Wateja wananiandikia, nawaandikia. Sauti yangu naisikia nikikohoa.”

Hawakujaliwa mtoto. Kwa miaka kumi na moja Révérien alikuwa na studio ya picha Remera, si mbali na uwanja wa Amahoro, mpaka simu za watu zilipomaliza kazi hiyo. Natacha ndiye aliyebeba nyumba wakati huo, kwa duka lake la maziwa huko Masaka, upande wa pili wa jiji. Watu walikunywa pale maziwa ya moto na ya mgando kwa mandazi, wengine wakabeba nyumbani kwa majagi.

Mfereji wa kwanza ambao Révérien aliwahi kuchimba ulikuwa wa duka hilo. Alijifunza kwa kutazama video usiku na mchana kwa wiki tatu. Gari la maziwa lilipofika, Natacha alitakiwa kujibu kwa tarakimu tu. Akiandika themanini, baada ya dakika moja Masaka nzima inasoma: “Maziwa yamefika. Leo lita 80, ya moto na ya mgando. Karibuni, mnanijua. Natacha.”

Tatizo ni kwamba mara nyingi hakujibu. Mikono yake ilikuwa kwenye makopo ya maziwa. Révérien akaongeza kisanduku kimoja: jibu likikosekana kwa saa nzima, tangazo la jana lirudiwe.

“Alinicheka,” anasema. “Akasema, ‘Umeniundia mashine ya kusema uongo kwa jina langu.’ Nikamwambia ni uongo mdogo, maziwa yapo kila siku.”

Jumanne moja jioni, wateja wakiwa wameshaondoka, Natacha alianguka dukani. Madaktari walisema ni shinikizo la damu. Hakuiona Jumatano.

Msiba ulikuwa Batsinda, kwa kaka yake Natacha, Twizeyimana. Révérien alizima simu yake na kuiweka mfukoni. Kompyuta ilibaki Masaka, kwenye nyumba waliyokuwa wamepanga nyuma ya duka.

“Kwetu, siku za ikiriyo hakuna anayefanya kazi,” anasema, akitaja kwa Kinyarwanda siku ambazo ndugu na majirani hukaa na wafiwa. “Hata jembe halishikwi mpaka siku zimalizike. Mimi nilisahau kwamba nina jembe linalolima peke yake.”

Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mashine ilikuwa imesubiri saa nzima bila jibu. Ikarudia la jana. Alhamisi ikarudia. Ijumaa, siku ya mazishi, ikarudia. Maziwa yamefika, karibuni, mnanijua.

Jumamosi mchana mwanamke mmoja alishuka kwenye pikipiki ya abiria mbele ya nyumba ya Twizeyimana, jagi tupu mkononi. Alikuwa Kankindi, mteja wa Natacha tangu duka lilipofunguliwa. Dereva wa pikipiki aliyemleta ndiye aliyewahi kumpeleka Natacha kwa kaka yake.

Kankindi ana miaka sitini na minane na bado anaishi Masaka, hatua chache kutoka dukani. Anaikumbuka siku hiyo vizuri.

“Siku tatu nafika na jagi, mlango iko na kufuli,” anasimulia. “Simu anaandika karibuni. Nikasema leo nitamfuata huko huko, aniambie kwa nini anatuita halafu anafunga. Nilikuja na hasira, mwanangu. Nikakuta watu wamekaa chini, kimya.”

Walimweleza. Akamgeukia Révérien.

“Kama Natacha amelala tangu Jumanne,” akauliza, “nani anatuandikia?”

 Révérien aliomba simu ya shemeji yake, akaingia kwenye programu, akakizima kisanduku kinachobandika matangazo. Kankindi alikaa nao mpaka jioni, jagi likiwa mapajani.

Kisanduku kinachouliza hakukizima.

“Nilikuwa nimeshaweka kidole,” anasema. “Sikuweza.”

Baada ya msiba hakurudi Masaka ila kuchukua vitu. Alibaki Batsinda. Kwenye mifereji ya wateja wake wote alifuta kile kisanduku cha kurudia la jana, akaweka kingine: mteja asipojibu, mashine isibandike kitu, imwambie yeye apige simu.

Asubuhi hii mmoja hajajibu. Ni Rwema, muuza viatu wa Remera. Révérien anapiga. Simu inaita kwa muda mrefu, anasimama, anakaa, mpaka inapokelewa.

“Rwema, uko salama?”

“Niko muzima, mzee. Simu ilikuwa kwa chaji.”

“Sawa. Nilitaka kusikia tu.”

“Révérien, nakulipa ili mashine inisumbue, si wewe. Siku nikifa utakuwa wa kwanza kujua.”

“Ndiyo nataka.”

“Tafuta mke, bwana,” Rwema anacheka na kukata. Révérien anaiangalia simu kidogo, halafu anaiweka chini.

Tangu mwezi wa saba, mdogo wake Natacha, Iteka, amekuwa akiomba kulifungua duka tena. Ana miaka ishirini na sita na alimsaidia dada yake mara nyingi. Alijaribu wiki moja bila matangazo. Wateja wachache walifika, na siku ya mwisho alimwaga lita thelathini.

“Maziwa hayasubiri mtu,” anasema Iteka. “Watu wa Masaka wamezoea kusoma kwanza ndipo watoke na jagi. Nimemwambia shemeji mara tatu. Mlango ukikaa na kufuli mwaka mzima, hakuna atakayeufuata tena. Jina la dada litakwisha hivyo hivyo.”

Anachohitaji ni kidogo: namba yake iwekwe mahali pa namba ya Natacha. Ni kazi ya dakika mbili. Révérien ameiahirisha kwa miezi mitatu.

“Naweza kuziweka zote mbili,” anasema. “Lakini mfereji ungesubiri majibu mawili. Jibu la pili ungelisubiri mpaka lini?”

Anaitazama simu juu ya kabati. Namba ikibadilishwa, hiyo haitalia tena alfajiri.

Jumapili iliyofuata Iteka alikuja Batsinda, wakakaa mezani pamoja. Révérien alifuta namba moja, akaandika nyingine, akakiwasha tena kisanduku kinachobandika na kuongeza kile cha kumwambia apige simu. Maneno ya swali alitaka yabaki yalivyo, Iteka akakataa.

“Mama Maziwa ni dada,” alisema. “Mimi niite Iteka.”

Jumatatu, saa kumi na moja na nusu, simu juu ya kabati haikulia. Révérien alikuwa ameamka tangu saa kumi. Alikaa akiisikiliza. Mtaa ulikuwa kimya hivi kwamba friji ya jirani ilisikika ukutani.

Kwenye skrini, mfereji wa Masaka ulikuwa ukisubiri. Saa kumi na mbili ilifika, hakuna jibu. Saa kumi na mbili na robo, hakuna. Saa kumi na mbili na nusu ujumbe ulimfikia yeye: Iteka hajajibu, piga simu.

Alipiga.

“Shemeji, mikono iko na maziwa,” Iteka alisema, nyuma yake vikombe vikigongana. “Andika wewe. Lita sitini. Na yule mama wa jagi amefika, yuko hapa mlangoni. Anauliza kama na wewe unakuja.”

“Mwambie anisubiri,” alisema Révérien.

Aliandika sitini. Dakika moja baadaye tangazo lilikuwa kwenye kurasa zote, kwa jina jipya. Kisha akavaa viatu.

Anasema anataka kwenda Masaka kila Jumatatu, akae kwenye benchi kama mteja, anywe ya moto na kuongea Kiswahili na Iteka. Siku nyingine mashine itamtosha. Siku moja, labda, atarudi kupanga huko.

Kabla ya kutoka alichomoa chaja ya simu ya Natacha ukutani, akaikunja na kuiweka kwenye droo. Simu yenyewe hakuizima.

“Nitaiacha chaji iishe yenyewe,” alisema.

Ilikuwa imebaki asilimia arobaini na moja. Aliirudisha juu ya kabati, kioo kikiwa juu, akachukua jagi lake tupu na kufunga mlango.