Pindo la Mkono wa Kushoto

Nilianguka kutoka kwenye mparachichi wa jirani nikiwa bado na meno ya utotoni, nikatua kwa kiganja cha kushoto. Mama, fundi cherehani hapa Kamembe, alinipeleka hospitali huku akinigombeza njia nzima.

Dokta aliinua picha ya radio, ile ya kuonyesha mifupa, dirishani. Mfupa wa mtoto, alisema, hurefukia kwenye tabaka laini karibu na ncha, na tabaka hilo huumia kwa aina tano. Ya pili, ya tatu na ya nne zinaonekana kwenye picha. Yangu haikuonekana.

"Basi ni ya kwanza, limeachana kidogo, litapona. Ama ni ya tano, limepondwa, na hapo mfupa hautakua tena. Leo siwezi kuzitofautisha, Maman. Tungoje."

"Ni ya kwanza, Dokta," Mama akajibu, utadhani anachagua kitambaa sokoni.

Maumivu yaliisha upesi. Ila kila Idi, aliponipima gauni, Mama alipima mkono wa kulia, akaja kwa wa kushoto, akanyamaza. Mama yangu kunyamaza! Niliogopa kuliko kupigwa.

"Simama muzuri, weye! Unavuta bega."

Wallahi sikuwa navuta bega. Kiganja chenyewe kilishaanza kuinama upande wa gumba. Neno "ya tano" halikutamkwa nyumbani kwetu. Mama alikata mikono ya gauni sawasawa, kisha kilichozidi kushoto akakikunja ndani na kukishona.

"Mukono iko nakuya, iko mu njia. Ikifika, tutafungua."

Kila Idi pindo liliongezeka. Batoto ba mtaa waliniuliza nimeficha nini humo. Nami nikaanza kuhisi kuna mkono mwingine, mrefu, unanifuata nyuma njiani na haunifikii. Mpaka leo nageuka.

Mama amekufa. Juzi nilitoa sandukuni gauni la mwisho, la buluu, alilonishonea nikiwa tayari mwanamke mwenye watoto wangu. Hata hilo lina pindo! Nikalifumua. Ndani buluu ilikuwa mpya kabisa, haijaona jua. Nilipolivaa, kitambaa kilishuka kikafunika vidole.

Ee Mama, mifupa yangu ilishaacha kukua zamani, na wewe bado ulikuwa unaungoja mkono ufike.

Nililia kwa hasira. Mkasi nilikuwa nao mkononi, nikashindwa kukata. Nikakunja kitambaa palepale alipokikunja, nikakishona tena.